Arobaini, si Thelathini

Sanduku lilifika Jumanne, theluji ikiwa magotini.
Pistoni nane zimelala kwenye sponji kama mayai
ya ndege asiyepata kuonekana Saskatchewan.
Nilinawa mikono kwanza, nikashika moja.
Nyepesi! Nami nilidhani nguvu sharti iwe nzito.

Baba akaja na chai yake, kofia ya manyoya masikioni.
"Za kusubu zingekutosha. Lori langu la ngano
lilikwenda miaka thelathini kwa za kusubu."
Baba, lori lako halikuwahi kumkimbiza mtu.
"Wala halikuwahi kulala njiani."

Kusubu ni kumimina, chuma kikajikalia kinavyopenda.
Kufua ni kukipiga mpaka kila chembe imjue jirani yake.
Mama naye alifua, maovaroli ya baba,
kila Jumamosi: neno moja, kipigo kimoja.

Nikachagua za kufua, na ubaya wake naujua.
Hutanuka zikipata moto, huachiwa nafasi,
na injini ikiwa baridi zitagonga, zitagonga,
kama mgeni asiyejua kengele iko wapi.
Hapa Moose Jaw Januari ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nitaendesha Julai. Swali hilo nimelifunga.

Mengine niliyaandika nyuma ya risiti za mizani.
(Kazi yangu ni kupima ngano za watu:
lori likiwa limejaa, kisha likiwa tupu.)
Krenki mpya inaongeza mwendo kwa robo inchi na ushee,
ukucha wa kidole cha mwisho.
Kwa ukucha huo nitakwangua bloku kwa ndani
boliti za konrodi zipite bila kusalimiana na ukuta.
Kwa ukucha huo, utosi ukiwa bapa, mgandamizo unavuka kumi na moja
na petroli ya ushirika wetu haiwezi hasira hiyo,
italipuka kabla haijaambiwa.
Basi nikaagiza zenye kibonde utosini.
Nilijua kila kitu.

Ijumaa nikapeleka bloku kwa Abram Wiebe, Swift Current.
Wiebe hasemi mbele ya chuma.
Akashusha kipimo silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kwenye ya saba akasimama, akaniita kwa kidole.
Mkwaruzo, toka juu hadi chini:
pini iliyochomoka zamani, ikajichimbia mfereji.

"Thelathini haitoi. Arobaini ndiyo itasafisha."
Elfu thelathini za inchi, elfu arobaini za inchi:
baina yao nywele tatu zikilaliana.
Na sandukuni mwangu nane, zote zimechorwa 30.

"Nani alikwambia uanze na pistoni?"

Hakuna. Ndizo zinazopendeza kutazama.
Nani huanza kuota injini kwa gasketi?

Akafuta mikono, polepole, kidole kwa kidole.
"Bloku itakwambia upana. Krenki, mwendo.
Konrodi, urefu. Hedi, ukubwa wa chumba.
Kitakachobaki katikati, hicho ndicho pistoni."

Maili mia na zaidi za barabara iliyonyooka
nikijicheka peke yangu:
lori limejaa, toa lori tupu.
Hesabu ninayofanya mara arobaini kwa siku.

Nyumbani nikasema, Baba, silinda ya saba.
Akakoroga chai isiyo na sukari.
"Gravelbourg. Mwaka themanini na nane. Nilitembea maili tisa."
Ulisema halikulala njiani.
"Halikulala. Lilisimama."

Akanishikia utepe nikifunga sanduku la kurudisha,
kisha akanizuia, akatoa moja,
akaipandisha na kuishusha kiganjani
kama mtu anayekisia nyanya.
"Nyepesi," akasema.
Akaitazama tena.
"Agiza arobaini. Hizihizi za kufua."